Parasha, Daf Yomi au kozi ya utangulizi? Kuchagua pa kuanzia kusoma kwenye sinagogi

Wengi wanaotaka kuanza kusoma kwenye sinagogi ukubwani hutaja kwanza Daf Yomi, yaani kusoma ukurasa mmoja wa Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, kila siku. Ndiyo yenye jina. Wamesikia jinsi uwanja wa MetLife kule New Jersey ulivyojaa watu wapatao 90,000 siku ya mwaka mpya wa 2020, wakishangilia kumalizwa kwa Talmudi nzima, nao wanatamani kuwamo. Jibu langu huwa lile lile: iache kwanza. Kwa mtu asiyejua Kiebrania na asiyewahi kuketi darasani na rabi, kuna pa kuanzia palipo bora zaidi, na mara nyingi pako chumba cha pili katika jengo hilohilo, Jumamosi asubuhi.

Ninayoyalinganisha ni darasa la parasha, Daf Yomi, kozi ya utangulizi, na zile hafla za jumuiya ambazo mtu hujifunza bila kuandikishwa popote. Nazungumzia hasa masinagogi ya Marekani, na kidogo Uingereza, kwa kuwa huko masomo ya watu wazima yana ratiba ya wiki nzima, na huko ndiko wasemaji wengi wa Kiswahili hukutana nayo: muuguzi aliyealikwa na mgonjwa wake wa zamani, mwanafunzi wa theolojia, aliyeoa au kuolewa katika familia ya Kiyahudi. Walio Nairobi na Mbale nao wana sehemu yao hapa chini.

Darasa la parasha

Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, imegawanywa mafungu 54. Kila Sabato husomwa fungu moja, safari nyingine mawili kwa pamoja, mpaka ifike sikukuu ya Simchat Torah ambapo Kumbukumbu la Torati humalizwa na Mwanzo kuanzwa upya siku hiyohiyo. Fungu la wiki ndilo parasha. Darasa lake hufanyika kabla ya ibada ya Jumamosi, au baada yake watu wakishakula, au mchana wa siku ya kazi kwa wale wanaobeba chakula chao cha mchana. Ukikosa wiki tatu hujapoteza kitu, kwa sababu wiki ya nne kuna fungu jingine na kila mtu anaanza nalo sawasawa.

Faida yake kubwa kwa mtu wa kwetu ni kwamba hadithi anazijua. Aliyelelewa na Biblia anamjua Yakobo na mikasa ya maisha yake yote. Aliyelelewa na Kurani anamjua Ibrahimu, Yusufu, Musa na Firauni. Kwa hiyo hupotezi nguvu kutafuta nani ni nani. Unachojifunza ni namna ya kusoma, na hiyo ndiyo itakayokushangaza.

Chukua Nuhu. Mwanzo 6:9 inasema alikuwa mtu wa haki, mkamilifu katika vizazi vyake. Sisi tuliisoma kama sifa tukapita. Rashi, mfafanuzi wa Troyes huko Ufaransa aliyeishi kati ya 1040 na 1105, anasimama hapo na kuleta maoni mawili ya wahenga. Wa kwanza wanasema: ikiwa alikuwa mwema katikati ya watu waovu namna ile, angezaliwa zama njema angekuwa mwema zaidi. Wa pili wanasema: alikuwa mwema kwa kulinganishwa na wale tu, angeishi zama za Ibrahimu asingehesabiwa kuwa kitu. Rashi haamui. Anawaachia wasomaji. Na darasa zima, wazee kwa vijana, linagawanyika pande mbili: huyu anasema Nuhu alijenga safina miaka yote asimwombee hata jirani mmoja, ilhali Ibrahimu aliibishania Sodoma na Mungu uso kwa uso, yule anajibu kwamba ni rahisi kumlaumu mtu aliyesimama peke yake. Rabi anauliza swali jingine badala ya kufunga mjadala. Saa inaisha, watu wanakwenda kuswali bado wanabishana.

Ukizoea mahubiri, ambapo mmoja anasema na wengine wanaitikia, utajisikia vibaya mwanzoni. Utadhani watu hawana adabu kwa rabi. Wanayo, kumpinga kwa hoja ni sehemu ya adabu hiyo. Na hutalazimika kusema neno. Kaa usikilize mpaka uwe tayari.

Kuna masinagogi mengi ya Konsavativu na Reformu, madhehebu yasiyo na ukali wa Orthodoksi, yanayosoma theluthi tu ya kila parasha kwa mwaka, hivyo Torati nzima huchukua miaka mitatu. Kwa anayeanza haileti tofauti kubwa.

Lenye tofauti ni jambo jingine ambalo hakuna atakayekuonya: kalamu. Katika masinagogi yanayoshika Sabato kwa ukamilifu, kuandika siku hiyo hakufanyiki, na simu haiguswi. Mtu anayejifunza kwa kuandika daftarini atakaa kwenye darasa la Jumamosi mikono mitupu, na akitoa kalamu atatazamwa. Kama wewe ni wa daftari, tafuta darasa la parasha la katikati ya wiki. Katika sinagogi la Reformu, kwa kawaida, hakuna atakayejali.

Baada ya ibada ya Jumamosi huja kidushi: baraka juu ya divai au maji ya zabibu, kisha meza. Samaki wa kuchachuliwa, saladi, keki, na kwenye masinagogi ya Orthodoksi mara nyingi cholent, mchuzi mzito wa maharage, shayiri na nyama uliowekwa jikoni tangu Ijumaa kabla jua halijazama kwa sababu Sabato hakuwashwi moto. Usiondoke kabla ya kidushi. Ibada inaweza kwenda saa tatu nzima kwa Kiebrania usimfahamu mtu hata mmoja, halafu dakika ishirini za mezani zikakupa majina sita na mwaliko wa chakula cha jioni Ijumaa ijayo. Usibebe chakula ulichopika nyumbani, hata kiwe kitamu namna gani. Jiko lao lina masharti ya kosha, sheria za Kiyahudi za chakula, na sufuria yako itawatia taabuni.

Daf Yomi

Jina lake maana yake ni ukurasa wa siku. Alilipendekeza wazo hili rabi Meir Shapiro kwenye mkutano wa Agudath Israel, chama cha Wayahudi wa Orthodoksi, mjini Vienna mwaka 1923: Wayahudi wote duniani wasome ukurasa mmoja wa Talmudi ya Babeli, uleule, siku ileile. Mzunguko wa kwanza ulianza Septemba mwaka huohuo. Kurasa, kila mmoja wenye pande mbili, ni 2,711, kwa hiyo ni miaka saba na miezi mitano hivi, bila likizo, Sabato ikiwemo na hata Siku ya Upatanisho watu wakiwa wamefunga.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu kurasa zote zinafanana. Mchapaji Daniel Bomberg wa Venice alitoa Talmudi yake miaka ya 1520, na tangu hapo mpangilio haujabadilika: matini katikati, Rashi upande wa ndani, Tosafoti, maelezo ya wafafanuzi waliomfuata, upande wa nje. Anayetaja Berakhot 17a (kitabu cha Berakhot, ukurasa wa 17, upande wa kwanza) Johannesburg na anayeifungua Toronto wanaona mistari ileile. Karibu kila kitabu huanzia ukurasa wa 2. Nimeona mgeni akipekua kwa dakika nzima akitafuta ukurasa wa kwanza uliopotea.

Sasa kwa nini nasema uiache? Fungua mwanzo kabisa. Swali la kwanza la Talmudi ni lini usiku mtu anaanza kusoma Shema, ungamo la kila siku la Mungu mmoja. Jibu: tangu saa ile makuhani wanapoingia kula terumah yao. Hujajua bado Shema husomwaje, umeshatupiwa makuhani, unajisi wao, kuoga kwao, na terumah yenyewe, sehemu ya mazao waliyopewa makuhani zama za Hekalu, lililoharibiwa mwaka 70. Mwalimu hana nafasi ya kukueleza, maana ana dakika arobaini na tano hadi saa moja na ukurasa lazima uishe. Kesho kuna mwingine. Ukikosa siku tatu umeachwa nyuma kurasa tatu. Watu wazima wenye akili zao huacha kimyakimya mwezi wa pili wakijiona wajinga, na si wajinga. Walichagua vibaya tu.

Kuna jambo la pili linalomhusu asiye Myahudi. Talmudi yenyewe, Sanhedrin 59a, ina kauli kali ya Rabi Yohanani dhidi ya mtu wa mataifa anayejishughulisha na Torati. Ukurasa huohuo una kauli ya Rabi Meir kwamba mtu wa mataifa anayejishughulisha na Torati ni kama kuhani mkuu, na mjadala unazipatanisha kwa kusema Rabi Meir alikusudia zile amri saba walizopewa wana wa Nuhu. Kwa sababu ya ukurasa huo, baadhi ya marabi wa Orthodoksi watakuelekeza kwa upole kwenye darasa jingine. Wengine hawatasema kitu. Uliza kabla, wala usichukulie kuwa ni kubaguliwa. Wanaishi kwa matini zao.

Anayefaa kwa Daf Yomi ni mtu wa nidhamu ya kila siku, anayependa sheria na hoja zake, na asiyeumia kuelewa nusu tu leo. Zamani lilikuwa jambo la wanaume karibu peke yao. Januari 2020 maelfu ya wanawake walikusanyika Jerusalem kusherehekea kumaliza kwao, na siku hizi wapo wanaofundisha. Tafsiri ya Kiingereza ya Talmudi nzima inapatikana bure kwenye tovuti ya Sefaria, kwa hiyo huhitaji kununua majuzuu kwa mamia ya dola.

Lakini ikiwa Talmudi ndiyo inayokuita na si ile sherehe ya uwanjani, tafuta darasa la polepole. Masinagogi mengi yana kikundi cha Talmudi cha mara moja kwa wiki ambacho hutumia miezi kwenye ukurasa mmoja. Husoma kwa havruta, wawili wawili, kwa sauti, kila mmoja akimpinga mwenzake, chumba kikivuma kama soko. Huko mgeni hupata nafasi ya kuuliza swali la kijinga na kujibiwa.

Kozi za kulipia

Hapa kuna aina mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya kupanua elimu. Mfano unaojulikana ni shule ya Melton, iliyoanzishwa mwaka 1986 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Mwanzilishi wake, Florence Melton wa Columbus, Ohio, alijipatia mali kwa ndara za nyumbani zenye sifongo ndani, na uzeeni akaamua kwamba Wayahudi waliosoma hadi shahada ya pili hawapaswi kubaki na elimu ya dini ya mtoto wa miaka kumi na tatu. Mpango wake wa asili ni wa miaka miwili, mara moja kwa wiki, bila mtihani na bila kazi ya nyumbani. Ni mzuri sana kwa mtu anayetaka ramani nzima, ila una ada, na wanafunzi wake wengi ni Wayahudi wanaojua angalau sikukuu.

Ya pili ni kozi ya utangulizi wa Uyahudi, ya miezi kadhaa, inayofundisha kalenda, sala, sikukuu, ndoa, mazishi, historia. Wengi darasani wako wawili wawili: mmoja Myahudi, mwenzake siye, harusi iko njiani. Wengine wanafikiria kuongoka. Wengine wanatazama tu. Kama uko kwenye moja ya hali mbili za kwanza, usihangaike na ulinganisho huu, nenda hapa moja kwa moja, kwa sababu rabi atakutaka uipitie hata hivyo.

Watu wa nyumbani huniuliza kama watavutwa waingie dini. Hofu hiyo iondoe. Rabi hatafuti waongofu. Desturi ya zamani ni kumkatisha tamaa anayeomba, na anayeendelea kuomba ana njia ndefu mbele yake: masomo, mahakama ya watu watatu, kuzama kwenye mikve, bwawa la kujitakasa, na tohara kwa mwanamume. Kinachopaswa kumsumbua mwenye nia hiyo ni kwamba kuongoka kwa Reformu au Konsavativu hakukubaliwi na Orthodoksi. Hilo ulize mwanzoni, kabla ya kulipa ada.

Hafla za jumuiya

Ukitaka kuonja kabla ya kuchagua, nenda usiku wa Sikukuu ya Majuma, siku hamsini baada ya Pasaka, Mei au Juni. Desturi yake, iliyopata nguvu kwa wanafumbo wa mji wa Safed karne ya 16, ni kukesha mkisoma. Sinagogi huweka walimu kadhaa kwa zamu: huyu Ruthu, yule sheria ya deni, mwingine mashairi. Unakaa na kila mmoja muda mfupi, unakula keki ya jibini, na kufika saa sita usiku unajua ni mwalimu gani unaelewana naye. Kwa sehemu kubwa mwalimu ndiye anayeamua kama utarudi, na jina la darasa lina uzito mdogo. Penye Orthodoksi hukesha mpaka alfajiri. Penye Reformu wengi huwa wameshalala.

Nchini Uingereza kuna Limmud, iliyoanza mwaka 1980, mkutano ambao aliyefundisha asubuhi ni mwanafunzi mchana. Haupo chini ya dhehebu lolote. Kwa mtu anayeogopa kukosea ndani ya sinagogi, ni mahali pepesi.

Kisha ziko havura, vikundi vya familia chache vinavyokutana majumbani kusali, kusoma na kula. Mkatoliki wa Afrika Mashariki ataelewa haraka: ni kama jumuiya ndogondogo, pamoja na zamu za nyumba na uzito wa kujulikana ukikosa kuja. Hutajiunga nayo kwa kujaza fomu, utaalikwa baada ya kuonekana mara nyingi.

Usianze na Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, wala Siku ya Upatanisho. Watu hujaa kuliko siku yoyote, mahali pengi huhitaji tiketi, ibada ni ndefu, na rabi hana hata dakika ya kukusalimu. Seda, mlo wa ibada wa Pasaka, nayo ni ya mwaliko au ya kulipia kabla.

Pesa na mlangoni

Hakuna kapu la sadaka. Siku ya Sabato pesa hazishikwi kabisa penye Orthodoksi. Sinagogi huendeshwa kwa ada ya uanachama ya mwaka, ambayo Marekani inaweza kuwa kubwa, lakini darasa la parasha kwa kawaida ni bure kwa mgeni na hakuna anayetarajia ujiunge mwezi wa kwanza. Mwanamume atapewa kipa, kofia ndogo ya kichwani, mlangoni, avae. Shali ya sala si yake kama si Myahudi. Penye Orthodoksi wanawake na wanaume huketi mbalimbali wakati wa sala; darasani mara nyingi huchanganyika, ingawa si kila mahali.

Andika barua pepe kabla ya kwenda. Tarehe 27 Oktoba 2018, Jumamosi asubuhi, watu 11 waliuawa kwa risasi kwenye sinagogi la Tree of Life, Pittsburgh, na tangu hapo milango mingi ina mlinzi. Nitasema wazi: mtu mweusi asiyefahamika huulizwa maswali zaidi, na Wayahudi weusi wa Marekani wamelilalamikia hilo kwa miaka. Barua pepe yenye jina lako, pamoja na jina la aliyekujibu ofisini, hupunguza maswali hayo sana.

Aliye Nairobi, aliye Mbale

Nairobi kuna sinagogi moja linalojulikana, la Nairobi Hebrew Congregation, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1904, karibu na makutano ya University Way na Uhuru Highway. Ni ya watu wachache, kwa hiyo huchagui kati ya madarasa kumi. Unaomba ruhusa ya kufika Sabato na kuanzia hapo.

Mbale ni habari nyingine. Abayudaya, Wayahudi wa Uganda waliotokana na uamuzi wa kiongozi wao Semei Kakungulu mwaka 1919, wana sinagogi kwenye kilima cha Nabugoye, na rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja lake Los Angeles mwaka 2008 upande wa Konsavativu. Sala zao huchanganya Kiebrania na Luganda, na Zaburi huimbwa kwa sauti za pale. Kwa Mwafrika Mashariki anayetaka kuona Sabato nzima, Ijumaa jioni hadi nyota za Jumamosi, ningechagua Nabugoye kabla ya safari yoyote ya ng'ambo. Omba nafasi mapema.

Kwa masomo ya mtandaoni, angalia saa kabla ya kuangalia mada. Darasa la saa moja jioni New York ni saa nane au tisa usiku Nairobi, na hakuna atakayeliweza zaidi ya wiki mbili. La London saa moja jioni hukufikia saa tatu au nne usiku. La Jerusalem ndilo rahisi: kiangazi chao saa ni ileile ya kwetu, kipupwe wako nyuma saa moja tu.

Na kama baada ya yote haya bado unaitaka Daf Yomi, usirukie katikati ya kitabu. Mzunguko wa 14 unaishia 7 Juni 2027, na wa 15 unaanza Berakhot kesho yake, Jumanne. Au usingoje mzunguko: jipime na kitabu kimoja tu cha Talmudi, Megila, pamoja na mwenzako mmoja. Ni kurasa 31, kama mwezi mmoja, na habari za Esta unazijua tayari.